Ukumbi Niliopima Bila Watu

Katika miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, sijapata kuingia ukumbi wa sinema ambao sauti yake iliniacha nikae kitini kwa amani mpaka mwisho. Nasema hivi kama mtu anayejua. Nina diploma ya ufundi wa sauti, na niliisomea jioni baada ya kazi katika nchi moja ya Ghuba, enzi hizo nikiwa mfagiaji wa kumbi za sinema. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilianza na ufagio, nikamaliza na funguo za vyumba vya mitambo vya kumbi kumi na nne. Siku niliyoondoka, meneja wangu aliwauliza wenzangu ni nani sasa atakayesikia anachosikia yule Mkenya. Cheti changu nimekitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa lazima akione.

Huku kwetu kuna ugonjwa wa kudhani kwamba sauti kubwa ndiyo sauti nzuri. Mwenye ukumbi akinunua spika mbili zenye ukubwa wa kabati, anaona kazi imekwisha. Bomu likilipuka kwenye filamu, mabati ya paa yanatetemeka mpaka kutu inaangukia nywele zako. Mtu akisema neno la maana, hulipati. Nanyuki niliwahi kutazama filamu nzima ya mapenzi nikatoka bila kujua kama yule mwanamke alikubali au alikataa. Kerugoya nilikaa karibu na spika iliyopasuka utando, na kila mtu aliyezungumza alisikika kama anaongea kutoka ndani ya sufuria ya mafuta moto. Kisha mvua ikanyesha juu ya mabati, na kwa muda wa saa nzima tukawa tunatazama midomo. Nilipogeuka kumlalamikia jirani yangu, alinishangaa.

"Si unaona wanagombana?" alisema. "Unataka kusikia nini tena?"

Kwenye kumbi hizo zote nilienda peke yangu. Niliposafiri nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita; niliporudi, wale niliosoma nao walikuwa wamehamia Nairobi, au walikuwa wameoa na kuzama katika vyama na harusi za watoto wa wenzao, mambo ambayo mtu haingii katikati. Nilikuwa nimejenga nyumba Chaka, upande wa juu wa barabara ya Nanyuki, mahali ambapo upepo wa nyanda kavu za Kieni hauna kizuizi. Ramani niliichora mwenyewe. Sebule yake ina sauti safi kuliko ukumbi wowote katika kaunti hii, kwa sababu nilipanga kuta zisitazamane sawasawa, na nikaweka viti vya watu kumi na mmoja. Kwa miezi minane ya kwanza, sauti zilizosikika humo ni yangu, ya redio, na ya fundi wa mabomba.

Nina ndugu mmoja tu duniani, kakangu mkubwa. Anaishi Kerugoya kwenye shamba la wazazi wetu, analima chai na kahawa kidogo, anafuga ng'ombe, na ni mzee wa kanisa. Mama yetu alifariki nikiwa bado Ghuba, na sikuja kumzika. Niliporudi, kakangu alinipokea vizuri, akachinja kuku, akaomba sala ndefu. Lakini hakuwahi kukanyaga nyumba yangu. Kila nilipomwalika alisema, "Nimesikia ni nyumba kubwa," halafu akaanza kuzungumza juu ya mvua. Kuhusu mazishi hakusema lolote, nami sikuuliza.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja. Nilitaka kakangu akae mbele ya kazi yangu, aisikie kwa masikio yake mwenyewe. Niliamini kwamba akiisikia ataelewa nilikuwa wapi miaka yote ile, na mlango kati yetu utafunguka bila mtu kulazimika kuugonga.

Nafasi ilipatikana Nyeri mjini. Juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, karibu na njia ya kuteremkia mtaa wa Majengo, kulikuwa na ukumbi mdogo wa sinema. Mwenye ukumbi huo alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa macho, aliyeonyesha filamu kila Jumamosi na Jumapili alasiri. Niliingia mara moja, nikastahimili dakika ishirini, nikaiendea meza yake ya mitambo.

"Mama, samahani," nilimwambia. "Hii sauti inaniumiza."

"Masikio?"

"Roho."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Na wewe ni nani, ati roho yako inaumizwa na spika yangu?"

Nilimweleza. Nilimweleza kila kitu, diploma, kumbi kumi na nne, meneja. Alisikiliza huku akitafuna njugu. Nilipomaliza, alisema, "Haya, injinia. Kama ni wewe Mungu ametuma, tengeneza. Lakini nikupe ukweli, watu wangu hawajawahi kulalamika. Wanapiga tu kelele ya 'sauti!' nikiwa nimesahau kuwasha."

Nilifanya kazi katika ukumbi ule wiki tatu, na sitaona haya kusema ilikuwa kazi nzuri. Ulikuwa chumba kirefu cha kuta za simenti, sakafu ya simenti, na viti vya plastiki vya kanisani. Ukipiga kofi, kofi lilikujibu mara nne. Mwangwi ndio unaokula maneno: silabi ya kwanza haijafa, ya pili imefika, ya tatu inaikanyaga. Kwa hiyo nilitengeneza fremu za mbao, nikazijaza masalio ya sufu ya kiwanda cha nguo, nikazivika magunia safi ya kahawa na kuzipanga kwenye kuta mpaka kofi likawa kofi moja. Nilining'iniza mapazia mazito. Nilitupa spika moja ya kabati na kuleta tatu ndogo zangu mwenyewe, nilizokuja nazo kwenye kontena kutoka Ghuba. Kisha nikaweka maikrofoni ya kupimia katikati ya viti, nikacheza ile kelele maalumu inayofanana na maporomoko ya maji, nikasoma mistari ya mchoro wa sauti kwenye kompyuta na kurekebisha mpaka mistari ikalala sawa kama mezani. Mwalimu mstaafu alikuja akakaa kiti cha nyuma kabisa. Nikamchezea kipande cha mtu anayenong'ona.

"Haki ya Mungu," alisema. "Ni kama yuko kwa shingo yangu."

Nikampigia kakangu simu. Nilimwambia kuna filamu Jumamosi, imetengenezwa na vijana wa huku huku, inahusu mama na binti yake na shamba. Nilimwambia nimeitengeneza sauti kwa mikono yangu. Aliniuliza inaanza saa ngapi. Kisha akasema, "Nitakuja." Nilitandika kitanda cha wageni, kile kipya, na nikanunua nyama.

Ilikuwa mwezi wa saba. Anayejua Nyeri mwezi wa saba anajua ukungu unashuka asubuhi na unaweza kukaa mpaka kesho yake. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alikuwa ametangaza kanisani kwamba kuna injinia kutoka majuu, yaani ng'ambo, na watu walikuja kuona injinia zaidi ya filamu. Walikuja na makoti marefu ya sufu, majaketi yaliyotuna, sweta mbili mbili, kofia zilizofunika masikio, akina mama wamejifunga shuka juu ya koti na leso juu ya shuka. Kakangu alifika akiwa na koti zito jeusi, akaniinamishia kichwa, akaketi mstari wa mwisho.

Nilijua ndani ya dakika tano. Fundi wa kweli haambiwi. Sauti ilitoka kwenye spika ikiwa na afya, ikafika mstari wa nne, ikazama. Ilikuwa kama kumwaga maji kwenye mchanga. Zile konsonanti zinazotenganisha neno na neno zilimezwa zote, na mstari wa mwisho ukabaki na mvumo tu, kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Nilipandisha sauti. Wa mbele wakaziba masikio.

"Injinia, unatuua!" mmoja alipiga kelele kutoka mbele.

"Sauti!" wengine wakaita kutoka nyuma. "Sauti! Hatusikii!"

"Si ndio hao wanasema iko juu?"

"Basi wabadilishane viti!"

Watu walicheka. Nilijua tayari kosa langu ni nini, na lilikuwa kosa ambalo mwanafunzi wa muhula wa kwanza hangelifanya, au tuseme hangelifanya kama angekulia nyumbani na kubaki nyumbani. Kule Ghuba viti vya sinema vina mito minene, makusudi, ili kiti kitupu kimeze sauti sawa na kiti chenye mtu. Ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa vinasikika karibu sawa. Tena kule watu huvaa vitambaa vyepesi. Huku nilikuwa na viti vya plastiki, ambavyo havimezi chochote, nikaupima ukumbi ukiwa mtupu, nikaujaza sufu mpaka ukatosha wenyewe. Kisha watu wa Nyeri wakaja katika baridi yao, kila mmoja amebeba sufu yake mwilini. Nilikuwa nimesahau jinsi watu wetu wanavyovaa. Mimi, niliyezaliwa hapa.

Hapo nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka shingo inapata joto. Nilisimamisha filamu, nikachukua maikrofoni, nikasema, "Ndugu zangu, kwa heshima, naomba wale wanaoweza wavue makoti."

Ukumbi mzima ukalipuka.

"Tuvue? Mwezi wa saba?"

"Huyu ametoka jangwani, mwacheni!"

"Injinia, vua wewe kwanza tukuone!"

Mama mmoja mzee aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Kijana wangu," aliuliza kwa upole, "filamu inaonwa na macho ama na koti?"

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mwalimu mstaafu naye alicheka, sikumlaumu. Nilipowasha filamu tena nikaangalia mstari wa mwisho. Kiti cha kakangu kilikuwa kitupu.

Nilimpigia kesho yake baada ya kanisa.

"Ulitoka katikati," nilisema.

"Nilitoka."

"Hata hukuniaga. Nilikuwa nimetandika kitanda."

"Sikusikia kitu, mwana wa mama. Niliona midomo inachezacheza tu. Nikasema hii mimi nishaiona."

"Uliiona wapi?"

"Kwa mazishi ya mama," alisema.

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, akanieleza. Vipaza sauti vilikuwa vya kukodi, vya yule jamaa anayekodisha mahema. Genereta ilikuwa karibu mno. Kakangu ndiye aliyesoma historia ya marehemu, na kutoka sentensi ya kwanza vile vipaza sauti vilianza kulia kama mbwa aliyekanyagwa. Waliokuwa kwenye hema la pili, kule karibu na miche ya kahawa, waliulizana, amesema nini? amesema nini? Aliendelea kusoma mpaka mwisho kwa sababu hakujua la kufanya. Baadaye watu walimshika mkono, wakampa pole, na karibu kila mmoja akamuuliza swali lile lile: yule wenu wa mambo ya sauti yuko wapi?

"Siku moja," kakangu alisema. "Siku moja tu katika maisha yako yote ambayo hiyo kazi ingetufaa nyumbani."

Ningemwambia niliomba ruhusa nikanyimwa, na ni kweli. Lakini niliomba mara moja tu. Wiki ile tulikuwa tunafungua ukumbi mpya, mkubwa kuliko zote, na mimi ndiye niliyekuwa nimechaguliwa kuupima. Nilitaka kuupima. Nilitazama mazishi kwenye simu, nikiwa kwenye chumba cha mitambo, na nilichosikia kilikuwa upepo na genereta. Nilifikiri ni simu.

Baada ya mazungumzo yale sikutoka nyumbani siku ile nzima. Jumatatu nilirudi Nyeri, nikamwambia mwalimu mstaafu kwamba nitaupima ukumbi upya.

"Utaupima namna gani safari hii?" aliuliza.

"Ukiwa na watu."

"Basi leta watu."

Ilikuwa kauli nyepesi sana. Kupima ukumbi wenye watu kunataka watu themanini wakae kimya karibu saa nzima, wamevaa makoti yao, wasikilize kelele ya maporomoko ya maji isiyo na hadithi yoyote. Watu wa filamu wanalipia hadithi. Huwezi kuwafanyia hivyo. Unahitaji watu wanaokuja kwa sababu ni wewe umewaita. Nilikaa kwenye ngazi za lile jengo nikapitia majina kwenye simu yangu. Wengi walikuwa na namba za Ghuba. Huku nilikuwa na kakangu, mwalimu, fundi wa mabomba, na mtu wa kuleta kuni. Mimi niliyewapimia watu wa mataifa kumbi zao sikuweza kujaza mstari mmoja wa viti.

Kwa hiyo nikatengeneza watu. Kieni hakukosi nyasi kavu. Nilileta lori dogo la magunia yaliyojazwa nyasi, nikaketisha gunia moja kwenye kila kiti. Kisha nikashuka Majengo kwa mama anayeuza makoti ya mitumba, nikamwomba aniazime makoti yake siku mbili, kuanzia Jumanne, siku zake za biashara ndogo. Alifikiri nina wazimu, lakini mwalimu mstaafu alinidhamini.

"Ni ya harusi ama ni ya matanga?" yule mama aliuliza.

"Ni ya sinema."

"Wanaigiza wakiwa wangapi?"

"Hawaigizi. Wanakaa tu."

"Hata mimi hiyo kazi naitaka," alisema, akanifungia makoti marobota manne.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimewavika wote. Sijawahi kuona kitu kama kile na sidhani nitaona tena: mistari kwa mistari ya makoti, ya kijivu, ya samawati, mekundu ya kike yenye vifungo vikubwa, yote yametulia yakitazama kitambaa cheupe. Nilicheza kelele yangu. Nikasoma mistari kwenye kompyuta, na kweli, ilikuwa imeanguka palepale niliposikia sauti ikizama Jumamosi. Nilianza kuondoa fremu za sufu ukutani, moja moja, nikipima kila mara. Nikainua spika ya katikati ipige juu ya vichwa, si ndani ya vifua. Kufikia saa saba fremu zaidi ya nusu zilikuwa zimelala sakafuni, na mistari ilikuwa imeanza kupanda. Hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyekohoa. Mara mbili nilijikuta nasema "samahani" nikipita kati ya viti.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa kakangu. Alikuwa na mkutano wa wazee wa kanisa mjini, na mwalimu mstaafu, ambaye sasa alikuwa na namba yake bila mimi kujua, alikuwa amemwambia apite.

Alisimama mlangoni akihesabu mistari kwa macho.

"Haiya," alisema. "Hawa ni akina nani?"

"Ni makoti."

"Naona ni makoti. Nauliza ni akina nani."

"Ni watu wa kupimia. Gunia na nyasi."

Alitembea polepole kwenye njia ya katikati, mikono nyuma, kama anavyotembea kanisani kuhesabu waliokuja. Akasimama mbele ya koti moja la kahawia lililokuwa limeinama upande. "Huyu amelala kabla ya mahubiri," alisema, akalinyoosha kola. Kisha akageuka. "Kwa nini hukuita watu?"

"Watu gani?"

Alinitazama. Nadhani alielewa swali langu lilivyokuwa, kwa sababu sauti yake ilishuka. "Ungeniambia. Ningekuletea kwaya nzima na akina mama, basi limejaa."

"Sikujua ungekubali."

"Hukuuliza."

Nilichukua maikrofoni nyingine, nikaunganisha waya, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nilimwambia kwamba kelele imeshapimwa, sasa inahitajika sauti ya mtu, asimame pale mbele aseme chochote, mimi nisikilize kutoka nyuma.

"Niseme moja mbili, moja mbili?"

"Hiyo ni ya wakodishaji mahema. Sema maneno marefu."

Alivua kofia. Nilienda mpaka mstari wa mwisho, kwenye kiti alichokuwa ameketi Jumamosi ile, nikaweka gunia chini na kukaa. Alikohoa. Kisha akaanza, bila karatasi, kwa sauti ile ya wazee wa kanisa isiyo na haraka.

"Mama yetu alizaliwa katika familia ya watoto tisa, na yeye alikuwa wa nne."

Nilimsikia. Nilimsikia kila herufi. Alisema jinsi mama alivyosoma mpaka darasa la tatu na kuachishwa, jinsi alivyoolewa, jinsi alivyochuma chai kwa miaka mingi na kuimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alisema juu ya ugonjwa wa sukari na juu ya mguu. Neno halikulikanyaga neno.

"Alijaliwa watoto wawili. Mmoja ndiye huyu mnayemwona. Mwingine yuko kazini ng'ambo. Msimlaumu. Mama mwenyewe alikataa aambiwe kwamba hali imekuwa mbaya. Alisema, mwacheni amalize kazi yake, huyo anasikiliza kitu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kompyuta na sikuwa nimegusa chochote.

"Rudia hapo," nilisema.

"Wapi?"

"Pale pa mama."

Alirudia, taratibu, neno kwa neno, kama alivyosoma siku ile mbele ya mahema mawili yaliyojaa watu, ambao hakuna hata mmoja aliyesikia. Wala mimi. Kakangu alikuwa amenitetea mbele ya kijiji chote, na sauti yake ikaliwa na genereta, na watu wakamshika mkono na kumuuliza niko wapi.

"Iko aje?" aliuliza kutoka mbele. "Inafika?"

"Inafika."

"Mpaka hapo nyuma?"

"Mpaka hapa."

Aliweka maikrofoni juu ya kiti kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akavaa kofia. Nilimwomba twende Chaka, nilimwambia kuna nyama, ni mwendo mfupi. Aliangalia saa. Alisema ng'ombe wake hawakamuliwi na mtu mwingine wakatulia, na magari ya Kerugoya yanapungua jioni. "Siku nyingine," alisema. Alipofika mlangoni aligeuka akautazama ukumbi mzima, yale makoti yote, na mimi nyuma yao. Akashuka ngazi.

Nilivua makoti peke yangu, moja moja, nikayakunja.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya saa tisa, basi la kanisa lilisimama mbele ya duka la dawa za mifugo. Walishuka akina mama wa Kerugoya na makoti yao na leso zao, na wazee kadhaa wenye fimbo. Niliwafahamu wachache; wengine walinikumbuka nikiwa mtoto. Nilisimama mlangoni nikiwasalimu mmoja mmoja mpaka wa mwisho, nikatazama tena ndani ya basi. Mama mmoja aliona ninavyotazama.

"Hakukuja," alisema. "Ametulipia basi akabaki. Ati wewe utaelewa."

Sauti ile siku ile ilikuwa bora kuliko ya ukumbi wowote niliowahi kuupima, na nimepima kumbi kubwa. Kuna mahali katika filamu ambapo mama anamnong'oneza bintiye mlangoni, maneno sita tu. Nilisimama kwenye meza ya mitambo nikawatazama wa mstari wa mwisho. Hakuna aliyemgeukia jirani kuuliza amesema nini. Mzee mmoja alitoa kitambaa akapangusa pua. Filamu ilipokwisha walinipigia makofi, mwalimu mstaafu akanisimamisha mbele, na nilizungumza kidogo juu ya diploma yangu. Kisha basi likaondoka nao.

Nilimpigia kakangu nikiwa bado nimesimama barabarani.

"Walisikia?" aliuliza kabla sijasema lolote.

"Walisikia."

"Wa nyuma?"

"Wote."

"Basi," alisema. "Asante."

Nilingoja aseme neno jingine, naye labda alingoja langu. Hakuna aliyekata simu. Upande wake nilisikia maziwa yakigonga ndoo, mkono mmoja kisha mwingine, na pumzi ya ng'ombe karibu sana na simu, na nikaendelea kusikiliza.